Kutoka Iringa hadi Kitulo: safari ya mgeni aliyehamia Mbeya

Nimehamishiwa Mbeya kikazi kutoka Tanga. Kabla ya kuripoti niliomba nafasi ya kuzunguka kidogo, niijue nchi ninayokwenda kuishi kabla sijafungiwa ofisini. Mizigo mikubwa niliitanguliza kwa basi, nikabaki na begi la mgongoni. Mdogo wangu wa kiume, ambaye amemaliza chuo na bado anasubiri ajira, akasema ananisindikiza. Haya nimeyaandika baada ya kutulia nyumbani, nikiangalia daftari, risiti na picha za kwenye simu. Bei ni zile tulizolipa sisi mwishoni mwa Februari. Mvua ikikaza nauli za vijijini hupanda, kwa hiyo ukipanga bajeti yako ongeza kidogo.

Jambo moja nalisema mapema kwa sababu ndilo lililotuongoza njia nzima: msimu wa mvua, Nyanda za Juu Kusini zinatembewa asubuhi. Alfajiri milima iko wazi, saa tano mawingu yanaanza kushuka, na ikifika alasiri mvua inanyesha. Anayetoka gesti saa nne baada ya kuamka taratibu atarudi kusimulia kwamba Ziwa Ngozi ni ukungu mtupu na Hifadhi ya Kitulo hakuna kitu.

Jumatatu, Iringa

Basi la kutoka Dar es Salaam lilikuwa limetushusha stendi ya Igumbilo usiku wa Jumapili. Mji wenyewe uko juu kilimani, hivyo ukishuka Igumbilo bado una daladala ya kukupandisha. Tafuta gesti huko juu, karibu na soko. Tulipata chumba cha vitanda viwili kwa shilingi 30,000, na maji ya moto yaliletwa kwa ndoo.

Saa kumi na mbili asubuhi tulikuwa tumeshakunywa supu na chapati. Dereva wa bajaji tukapatana naye 30,000 kutupeleka Isimila, kutusubiri na kuturudisha. Ni kama kilomita 20 kwa barabara ya Mbeya, kisha unaacha lami.

Wengi wanaijua Isimila kwa picha za zile nguzo za udongo zilizochongwa na mvua na upepo, zimesimama ndani ya korongo. Ni nzuri kweli, na asubuhi jua likizipiga kwa upande rangi yake inakolea. Lakini mimi nilikaa zaidi kwenye mashoka ya mawe. Eneo hili liligunduliwa mwaka 1951, na wataalamu walichimba mwaka 1957 na 1958. Zana zake zinakadiriwa kuwa na umri wa zaidi ya miaka laki mbili. Mwongozaji, mzee mmoja mtaratibu, alitupokea kwa “Kamwene”, salamu ya Kihehe, nasi tukaitikia “Kamwene”, akafurahi. Alituonyesha jinsi shoka linavyokaa kiganjani: upande butu ndani ya mkono, makali nje. Akasema, “Wanangu, aliyelichonga hili alikuwa anafikiria mkono wa mtu.” Mdogo wangu hakusema neno mpaka tuliporudi kwenye bajaji.

Kuna ngazi na mteremko wa kuingia korongoni. Si pagumu, ila chukua maji na kofia, kwa sababu ndani ya korongo hakuna upepo.

Kalenga tuliiachia safari nyingine, ingawa iko karibu na mjini na makumbusho yake yanahifadhi fuvu la Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe, lililorudishwa kutoka Ujerumani mwaka 1954. Haraka haraka pale haifai. Mchana mvua ilitufungia sokoni, nikanunua kikapu cha milulu, na ilipokata jioni tukapanda jiwe la Gangilonga. Ukiwa juu yake unauona mji wote na bonde la Ruaha Mdogo kule chini. Watoto wa jirani wanalipanda bila viatu. Sisi wa pwani tulipanda kwa kushikana mikono.

Jumanne, barabarani

Nauli Iringa hadi Mbeya ilikuwa 18,000. Baada ya Mafinga unaingia kwenye misonobari ya Sao Hill, mistari na mistari ya miti mpaka macho yanachoka. Makambako basi lilisimama watu wale. Kula hapo, maana ndiyo njiapanda ya Njombe na Songea na chakula kinapikwa muda wote. Wali maharage na kipande cha nyama tulipata kwa 3,500.

Kabla ya Igawa basi letu liliharibika. Tulikaa kando ya barabara saa mbili na nusu tukisubiri kifaa kiletwe kwa pikipiki, malori ya Tunduma yakitupita na kututikisa. Niliyekaa naye kiti kimoja ni mama mtu mzima anayeishi Uyole. Nilimwamkia “Shikamoo mama”, akaitika marahaba, kisha akaniangalia miguuni. “Mwanangu, Mbeya unaingia na ndala?” Akafungua mfuko wake, akatoa soksi za sufu alizokuwa amemnunulia mjukuu wake, akasema mjukuu atanunuliwa nyingine. Nilikataa mara mbili kama adabu inavyotaka, mara ya tatu nikapokea. Nimezivaa leo pia.

Chimala, Igurusi, mashamba ya mpunga ya Usangu upande wa kulia, milima kama ukuta upande wa kushoto. Kisha foleni. Kuanzia mwanzo wa jiji kulikuwa na ujenzi wa barabara ya njia nne na magari yalijipanga. Ukiwa na ahadi ya jioni Mbeya, isogeze mbele. Tuliingia saa mbili usiku. Yule mama alimpigia simu dereva wa bajaji wa mtaani kwake, akatukabidhi kwake, na akamwambia mbele yetu bei ya kutulipisha. Mgeni anayeingia usiku na mizigo hahitaji msaada mwingine zaidi ya huo.

Jumatano, kujua mji

Siku hii haikuwa na mlima, ila ndiyo iliyojaa mambo ya kumfaa anayehamia.

Mavazi kwanza. Jiji liko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Februari baridi yake inavumilika, lakini kila mtu aliniambia nijiandae kwa Juni na Julai. Nenda soko la Mwanjelwa asubuhi mapema wakati wanafungua marobota ya mitumba. Nilipata sweta mbili nzito kwa 12,000, koti la mvua kwa 15,000, na mdogo wangu akapata buti za mpira kwa 13,000. Blanketi nunua jipya, zito, na usibane senti hapo.

Nyumba. Dalali anataka kodi ya mwezi mmoja kama malipo yake, na wenye nyumba wengi wanataka miezi sita kwa mpigo. Hilo si geni. Geni kwangu lilikuwa maswali ambayo mwenyeji angeuliza: dirisha la chumba cha kulala linaelekea wapi, kuta zinatoa unyevu, nguo zinaanikwa wapi mvua ikinyesha wiki nzima, maji yanatoka siku zipi. Nilitembelea nyumba nne. Nzuri kuliko zote kwa macho ilikuwa na ukuta wa nyuma umeota ukungu mweusi nyuma ya kabati. Nikachukua ya kawaida, dirisha linaelekea mashariki, jua linaingia asubuhi.

Na sasa hili naomba lisomwe taratibu. Watu wa huku hutumia jiko la mkaa kupasha chumba joto. Usilale na jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa, hata kama mkaa umeiva na hautoi moshi. Hewa yake ya sumu haina harufu na haionekani, na inaua watu usingizini. Ota moto nje au barazani, na liache jiko huko huko unapokwenda kulala. Ukiamka na kichwa kinauma sana na kichefuchefu katika chumba chenye jiko, toka nje mara moja na uwaamshe wengine.

Chakula kitakufurahisha. Ndoo ya viazi mviringo nilinunua kwa 9,000. Maharage ni mengi kwa aina na rangi, mchele wa Kyela na wa Mbarali unajipatia ladha wenyewe bila nazi, na parachichi zinapangwa kwa mafungu. Mama mmoja aliponijua kuwa ni mgeni aliniongezea parachichi mbili, akanifundisha kuzifunga kwenye gazeti zikomae.

Alhamisi, Ziwa Ngozi

Saa kumi na mbili kasoro tulikuwa stendi ya Nane Nane. Kosta za Tukuyu na Kyela zinatokea hapo. Mwambie konda akushushe Mchangani, njia ya Ngozi. Tulilipa 3,000 kila mmoja. Barabarani kuna bodaboda zinazosubiri. Kutoka lami hadi mwanzo wa njia ya miguu tulilipa 5,000 kwa kila pikipiki. Ada ya msitu na ya mwongozaji tulilipa kabla ya kuanza, tukapewa risiti.

Usiende bila mwongozaji. Hata kama njia inaonekana, yeye ndiye anayejua mvua ya jana imeharibu wapi, na hela yake inabaki kijijini. Wanakijiji wakiona msitu unawaingizia kitu, nao wanautunza. Wetu alikuwa kijana wa kama miaka ishirini na mitano, amevaa buti za mpira na ameshika panga. Alitukatia fimbo mbili za mti uliokwisha kuanguka. “Dada, hii fimbo ni mguu wa tatu,” aliniambia, na kwa kweli bila fimbo nisingefika.

Njia inaanza kwa upole kwenye msitu wenye miti mikubwa iliyovaa kuvu na ndevu za kijani. Kuna migomba ya mwituni, majani yake mapana kuliko ya shambani, na mianzi. Ndege unawasikia kuliko unavyowaona. Baada ya nusu saa njia inapanda wima. Sehemu ya mwisho ni tope, mizizi na mikono. Tulipumzika kila tulipopata mzizi wa kukalia. Wanafunzi wa sekondari walitupita wakikimbia, kisha wakarudi kumshika mkono mama mmoja wa kundi jingine aliyekuwa ameteleza, wakampandisha mpaka juu. Hakuna aliyewaomba.

Juu tulifika saa tatu na robo. Ziwa liko chini kabisa, ndani ya shimo la volkano, limezungukwa na kuta za msitu zenye kimo cha mamia ya mita. Maji yalikuwa ya kijani kibichi upande mmoja na karibu nyeusi upande wa pili ambako wingu lilitupa kivuli. Hakuna mto unaotoka. Mwongozaji alitueleza kwamba wazee wanaliheshimu sana ziwa hili na hawapendi watu wapige kelele ukingoni, basi tukakaa kimya. Saa nne kasoro wingu liliinuka kutoka ndani ya shimo lenyewe na likafunika kila kitu. Kundi lililofika baada yetu liliona weupe tu, na walikuwa wametoka Dar es Salaam kwa ajili hiyo.

Kushuka ni kugumu kuliko kupanda. Buti za mpira zenye meno ni bora kuliko raba za mazoezi, hata zile za bei kubwa. Huko juu usisogelee ukingo wenye majani. Udongo wake ni laini na chini yake ni patupu.

Mchana tukaendelea hadi Tukuyu. Mvua ya Rungwe nilikuwa nimeisikia tu. Ilinyesha kuanzia saa nane hadi usiku, kwa subira, kama mtu anayejua kazi yake. Kuna mashamba ya chai mpaka ukingoni mwa barabara. Tulikula mbalaga, yaani ndizi za kupika, na nyama kwa mama ntilie karibu na stendi, 4,000 sahani, tukajifunza kusema “ndaga fijo”, asante sana kwa Kinyakyusa, tulipomaliza.

Ijumaa, Kiwira na kuteremka ziwani

Tulirudi nyuma kidogo hadi Kiwira na kuchukua pikipiki kwenda Daraja la Mungu, 12,000 kila pikipiki kwenda na kurudi. Ni daraja la mwamba wa volkano lililovuka mto Kiwira bila mkono wa fundi: lava ilitanda ikapoa, maji yakaendelea kutafuna chini yake. Mto ulikuwa umejaa, rangi ya chai ya maziwa. Mawe yanateleza sana; simama mbali na maji na washike watoto mkono. Kijungu, pale mto unapozama kwenye shimo la mwamba na kutokea mbele, pako eneo la Chuo cha Magereza. Unajiandikisha getini na unapiga picha mto tu, si majengo.

Njiani mvua ilitukuta. Dereva wa pikipiki hakuuliza. Alikata kona akatupeleka kwa shangazi yake. Tukaingizwa jikoni penye moto wa kuni, tukapewa mahindi mabichi ya kuchemsha na chai ya maziwa. Niliona mabinti wa nyumba ile wakikunja goti kidogo walipotusalimia, nami nikafanya vivyo hivyo kwa shangazi. Tulikaa karibu saa nzima. Nilipotaka kuacha hela, shangazi alisema, “Mgeni wa mvua halipi, mwanangu.” Sukari niliyonunua dukani wakati wa kutoka aliipokea.

Kutoka Tukuyu kwenda chini, hali ya hewa inabadilika ndani ya mwendo mfupi. Chai inaisha, inakuja migomba, kisha kakao, kisha mpunga na minazi, na sweta linavuliwa. Tulishuka Kikusya, tukapanda gari jingine la Ipinda hadi Matema, lami yote. Jumla ya nauli kutoka Tukuyu ilikuwa 9,000. Gari la pili lilisubiri abiria saa moja na nusu.

Jumamosi, Matema

Ziwa Nyasa liko kama mita 475 tu juu ya usawa wa bahari. Maana yake kwa mgeni wa Mbeya ni moja: mbu. Kule juu unaweza kusahau neti. Huku usiisahau, na ukirudi Mbeya ukapata homa ndani ya wiki chache, mwambie daktari kwamba ulilala Kyela ili upimwe malaria mapema. Kichocho pia kipo katika ziwa hili. Mchanga safi hauondoi hatari hiyo; ukiamua kuogelea, epuka matete na maji yaliyotuama, na usikaribie midomo ya mito kwa sababu ya mamba. Uliza kabla ya kuingia majini, hata kama maji yanaita.

Asubuhi tulitembea ufukweni hadi Lyulilo kuangalia mnada wa vyungu. Wakisi wa Ikombe wanavifinyanga na kuvileta kwa mitumbwi. Milima ya Livingstone inaingia ziwani kwa ghafla upande ule, kwa hiyo njia ya maji ndiyo rahisi. Vyungu vilikuwa vimefungwa kwa majani, vya ukubwa wote, vingine vimepakwa rangi nyekundu na mistari myeupe. Nilinunua cha kupikia maharage kwa 5,000. Mama aliyeniuzia hakunipa mpaka aliponieleza namna ya kukianza: ukiloweke usiku kucha, ukipikie uji mwepesi mara ya kwanza, kisha ndipo mboga. Alikigonga kwa kucha nisikie mlio, akakigonga kingine chenye ufa nisikie tofauti. Nimefuata alivyosema, na chungu kinafanya kazi kila Jumapili.

Mchana tulikula mbasa wa kuchoma na wali wa Kyela, 10,000 kwa sahani ya kushiba. Kulala tulilipa 40,000 kwa banda la watu wawili. Mwisho wa wiki nyumba za wageni hujaa, kwa hiyo piga simu kabla.

Jumapili ilikuwa ya kurudi Mbeya, kufua na kuanika ndani.

Jumatatu, Hamsini na Saba

Kitulo kuna njia mbili: kwa Isyonje na Kikondo, au kwa Chimala na Matamba. Tulichagua Matamba kwa sababu ofisi za hifadhi ziko huko. Mbeya hadi Chimala 5,000, na hapo Chimala unapanda gari la Matamba, 7,000. Barabara hiyo wenyeji wanaiita Hamsini na Saba, kwa idadi ya kona zake. Ukikaa upande wa dirisha utaiona Usangu yote ikizidi kuwa ndogo.

Karibu na juu lori la viazi lilikuwa limezama tope na kuziba njia. Abiria wote tulishuka. Wanaume wakakusanya mawe, utingo wa lori akagawa majembe, na kina mama tukakata matawi ya kutandika chini ya matairi. Saa tatu zilipita. Ubaridi ulipozidi, kijana mmoja mfanyabiashara wa nguo alifungua robota lake akatuazima makoti, akayahesabu baadaye yalipokunjwa tena. Lori lilipotoka watu walipiga vigelegele.

Ofisi ya hifadhi tuliikuta bado wazi. Kiingilio hakilipwi kwa fedha taslimu. Unapewa namba ya malipo unalipa kwa simu au benki, kwa hiyo weka salio kwenye simu kabla ya kuondoka Chimala. Tulipanga na askari wa hifadhi atutembeze kesho yake. Gesti 15,000. Mwenye gesti alileta blanketi la tatu na jiko la mkaa; tulimshukuru, tukaota nje barazani pamoja naye, tukaingia kulala bila jiko.

Jumanne, Kitulo

Pikipiki zilitupandisha saa kumi na moja na nusu, 15,000 kila moja. Vaa glavu au funga mikono kwa khanga, vidole vinakufa ganzi. Jua lilichomoza tukiwa tayari uwandani, kwenye mita kama 2,600.

Watu wa huku wanaiita Bustani ya Mungu. Hifadhi ya Taifa ya Kitulo ilitangazwa mwaka 2005, ina kilomita za mraba 412.9, na ni ya kwanza katika Afrika ya tropiki kuanzishwa hasa kwa ajili ya mimea. Imeorodheshwa mimea zaidi ya aina 350, na okidi peke yake ni aina 45. Hayo niliyajua kabla ya kwenda. Nisichokijua ni kwamba inabidi upige magoti. Ukisimama unaona majani yenye madoa ya rangi. Ukipiga magoti unaona okidi nyeupe yenye nyuzi ndefu, karibu yake ya zambarau, karibu yake ya manjano isiyozidi ukucha. Askari wetu alikuwa anatembea akiangalia chini muda wote ili asikanyage, na baada ya dakika kumi sisi pia tulikuwa tunatembea hivyo. Mbayuwayu wa buluu walipita chini chini juu ya majani. Wanakuja msimu huu kuzaliana.

Alituonyesha shimo dogo, udongo wake umekauka. Mtu alichimba okidi. Viazi vyake vinauzwa kuvuka mpaka hadi Zambia, ambako vinapikwa chakula kiitwacho chikanda, na biashara hiyo ilishamaliza okidi katika milima mingi ya jirani. Kiazi kikishang'olewa, mmea ule umekufa. Alisema hayo bila kumtukana yeyote. Anawafahamu waliokuwa wakichimba, ni majirani zake, na wengine sasa wanapata kazi za kuongoza wageni na kubeba mizigo. Niliandika maneno yake kwa sababu ndiyo yaliyonifanya nione kiingilio nilicholipa kina maana gani.

Katika misitu ya hifadhi hii na ya Mlima Rungwe anaishi kipunji, aina ya kima ambaye wanasayansi walimtambua mwaka 2003 tu, ingawa wawindaji wa Kinyakyusa walikuwa na jina lake tangu zamani. Hatukumwona. Kumtafuta kunahitaji siku nyingine na msitu mwingine, siyo uwanda wa maua.

Saa tano na dakika ishirini ukungu ulikuja kutoka kusini. Askari alisema tugeuke, tukageuka bila kubishana. Ndani ya robo saa sikumwona mdogo wangu aliyekuwa hatua kumi mbele. Uwandani hakuna mti wa kukuonyesha njia, na mtu anayezunguka peke yake kwenye ukungu ule anaweza kulala huko.

Magari ya kushuka Chimala yanaondoka Matamba alfajiri, kabla ya saa kumi na mbili. Ukilikosa la kwanza, la pili linaweza kukaa hadi mchana. Tuliondoka Jumatano saa kumi na moja na nusu na saa nne tulikuwa Mbeya.

Maua ya Kitulo yanaonekana vizuri kati ya Desemba na Aprili. Kilele cha Mbeya na Mlima Rungwe, wenye mita 2,960, nimeviweka kiangazi, njia zikikauka. Mwongozaji wa Ngozi amekwisha kunipa jina la mwenzake anayepandisha watu Rungwe, na likizo ya Julai nimeiomba tayari.